Nilimfundisha binti yangu kufaulu upimaji wa usikivu, nikatumia safari nne kuufuta

Wakuu, heshima kwenu wote, wa mjini na wa huku kwetu Katavi.

Naanza na gharama, maana najua humu kuna watu husoma mstari wa kwanza wakaruka kwenye comments.

Safari kumi na moja za mtoto, za mchele sihesabu, Kakese mpaka mjini Mpanda na kurudi. Mihuri sita. Barua moja iliyoandikwa mara tatu. Miezi kumi na tatu. Nimehesabu mara mbili. Nauli ya boda siiweki, ile nilikuwa nabishana nayo na kuimaliza palepale kijiweni.

Katika hizo safari, tano zilikuwa za kuomba. Nne zilikuwa za kufuta kitu nilichokifanya mwenyewe, kwa akili zangu timamu, kwenye safari ya nne. Mbili za mwisho mtazikuta mbele.

Haya ni yaliyonipata kweli, na yanayoniaibisha sijayatoa. Majina ya shule na ofisi siyataji, mji wenyewe mdogo na bado nauza mchele humo.

Sasa tuingie.

Mimi ni mtu wa Mamba kwa kuzaliwa, mpunga nimekua nao. Nilihamia Kakese nilipooa. Kazi yangu ni kununua mpunga kwa wakulima, kukoboa, kuuza mchele. Nashinda kwenye mashine ya kukoboa.

Nina binti, Skola, sasa ana miaka tisa. Alipokuwa na miaka mitatu alipata homa kali, akapona, tukashukuru. Baada ya hapo akawa mtoto mtulivu sana. Tukashukuru tena. Hiyo ya pili hatukutakiwa kushukuru, ila hatukujua.

Mtaniuliza, mzazi gani anakaa na mtoto miaka asijue hasikii? Subirini niwaeleze mashine ilivyo.

Kwenye mashine ya kukoboa hakuna anayesikia. Injini ikiwaka, wote ni viziwi mpaka jioni. Kwa hiyo tunaongea kwa mikono. Kidole juu ni gunia moja. Ngumi ni nusu. Kuzungusha mkono ni washa, kofi hewani ni zima. Kiganja kifuani ni ameshalipa. Kiganja kikiteleza juu ya kiganja kingine, maana yake mzani umetimia. Ukiangalia mzani halafu ukakunja uso na kufinya vidole viwili, maana yake tumepungukiwa.

Ziko kumi na tatu. Skola alizijua zote akiwa na miaka mitano, tena alikuwa haraka kuliko vibarua. Jumamosi alikuwa anakaa karibu na mzani, mteja akijaribu kuniletea lumbesa, gunia limejazwa mpaka limevimba kichwa, yeye ndiye wa kwanza kunionyesha.

Nilikuwa najisifu, binti ana akili ya biashara. Na anayo. Ila ukikaa na mtoto mahali ambapo hakuna anayesikia, utajuaje kwamba yeye hasikii hata mashine ikizimwa?

Aliyejua ni mama yake. Alisema mapema. Mimi nikasema mtoto ana dharau tu.

Shuleni ndiko ukweli ulikotoka. Darasa la pili anarudia, mwalimu wake akaniita. "Baba Skola, huyu mtoto akiniangalia usoni ananielewa kidogo. Nikigeuka ubaoni, nimempoteza. Kule mjini kuna shule ina kitengo cha viziwi na bweni. Nenda ofisi ya elimu, uliza."

Ndio nikaanza.

Safari ya kwanza, mwezi wa pili mwaka jana. Nilifika ofisini nikampata afisa wa elimu maalumu, mama mmoja mtulivu, anaongea taratibu na anaandika huku anaongea. Akaniambia niende na barua ya mwalimu mkuu, barua ya mtendaji, na fomu ya daktari. Mihuri mitatu. Nikamwuliza haiwezekani tukaanza na miwili? Akacheka. Nikajua hapo bei haishuki.

Safari ya pili, daktari. Akachungulia masikio, akaandika hayana uchafu wala maambukizi, mtoto apimwe usikivu. Safari ya tatu, nikapeleka makaratasi yote, nikapewa tarehe ya upimaji.

Hapa afisa aliniambia kitu kimoja ambacho ndicho kiliharibu kila kitu, na hakikuwa na ubaya wowote. Alisema, "Mzee, nafasi ni chache, kwa hiyo watoto wanapimwa kwanza."

Nyie mngeelewa nini?

Mimi nilielewa kibiashara. Bidhaa nyingi, mnunuzi mmoja. Nafasi chache, maana yake watachagua walio bora. Watataka watoto wenye uchangamfu, wanaojibu, wasiowapa shida. Nikasema mwanangu hawezi kwenda pale akakaa kama gunia.

Na mchele huwa tunaupangaje? Uliojaa, mweupe, unakaa juu. Chenga zinakaa chini. Mnunuzi akifungua mdomo wa gunia, anakutana na sura nzuri. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minane.

Safari ya nne. Mwezi wa tano.

Upimaji ulikuwa kwenye baraza la shule moja, walimu wawili na meza, watoto wengi, foleni imezunguka mpaka chooni. Mama Skola alikuwa shambani anavuna, nilienda na mtoto mimi.

Mzazi mmoja aliyekuwa mbele yetu alipotoka nikamsogelea. "Ndugu yangu, wanauliza nini humo?" Akanitajia maswali yote kwa mpangilio. Jina. Umri. Darasa. Mnaishi wapi. Hesabu mpaka kumi. Halafu mwalimu anamzunguka mtoto nyuma, anapiga makofi.

Sita. Nilimwomba arudie, nikahesabu tena. Sita.

Nikamvuta Skola pembeni. Anaongea maneno machache, sauti yake inatoka kama mtu aliye ndani ya pipa, lakini majibu ya maswali sita yanafundishika. Tulifanya mazoezi kama dakika arobaini. Kidole kimoja, jina. Viwili, umri. Vitatu, darasa. Mnajua tena, ishara za mashine, yeye kwake ni mchezo.

Zamu yetu ilipofika nikasimama nyuma ya mwalimu, kwa unyenyekevu, mikono mapajani.

Mwalimu akauliza, mimi nikanyoosha kidole pajani, Skola akajibu. Akauliza, akajibu. Kuhesabu alihesabu mpaka kumi akapitiliza mpaka kumi na nne, nikampigia kofi hewani, akazima.

Swali la sita. Mwalimu akamzunguka, akapiga makofi nyuma ya kichwa. Mimi nikashusha kidevu. Skola akageuka, akamtabasamia mwalimu.

Yule mwalimu akasema, "Hongera binti." Skola hakusikia hongera, ila aliponigeukia aliniona natelezesha kiganja juu ya kiganja. Mzani umetimia.

Tulirudi Kakese nimefurahi, wakuu. Nilimnunulia soda na andazi. Nilijiona nimepiga dili la maisha.

(Nimerudi. Kuna mteja alikuja hapa na madebe sita anataka bei ya madebe matano, tumekubaliana katikati. Naendelea.)

Safari ya tano, mwezi wa saba, majibu. Nilikuta karatasi ukurasa mmoja. Mwishoni imeandikwa mtoto anajibu maswali ipasavyo na anaitikia sauti kutoka nyuma. Aendelee na darasa la kawaida, akae dawati la mbele.

Nilisoma mara mbili. Nikageuza nyuma, hakuna kitu.

Nikamwambia afisa, "Madam, hapa mbona hajachaguliwa? Amefaulu yote."

Akaniangalia kidogo. "Ndiyo maana hajachaguliwa, mzee. Kitengo ni cha wasiosikia. Wako anasikia. Mshukuru Mungu."

Nikamshukuru Mungu pale mbele yake, nikatoka.

Nyumbani nilimpa Mama Skola ile karatasi bila maelezo. Alikuwa anapika, Skola amechuchumaa mbele yake anachambua mboga, kampa mgongo. Akasoma. Akafika kwenye "anaitikia sauti kutoka nyuma". Akachukua mfuniko wa sufuria kubwa, akauinua juu, akauachia kwenye saruji.

Kuku walikimbia. Jirani akauliza huko vipi. Mimi mwenyewe niliruka.

Skola aliendelea kuchambua mboga.

Mama Skola akaniambia, "Haya, niambie ulifanyaje."

Nikamweleza. Kidole pajani, kidevu, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemuuza vizuri, Baba Skola. Sasa nani kamnunua?"

Nikaanza kuikunja ile karatasi.

Akaendelea, "Kesho unarudi mjini. Unasema ulivyosema hapa. Usipunguze."

Safari ya sita.

Wakuu, nimebishana na madereva wa malori, nimebishana na watu wa ushuru. Sijawahi kupata shida ya kufungua mdomo kama siku ile.

Nilianzia mbali. Nikasema kulikuwa na sintofahamu. Nikasema mtoto siku ile alikuwa na bahati. Afisa anaandika tu. Mwisho nikasema, madam, nilikuwa namwashiria.

Kalamu ikasimama.

"Kwa hiyo mzee unataka nifute kwamba mtoto wako anasikia?"

"Ndiyo madam."

"Miaka yote niliyokaa hapa, wazazi wanaficha watoto ndani wasionekane. Wengine wanabisha kwamba mtoto hana tatizo. Wewe umekuja kumfundisha tatizo lisionekane, halafu umerudi kulidai."

"Ndiyo madam."

Nikajaribu kidogo, sikatai. Nikamwambia tukutane katikati, mtoto aingie kwa muda, halafu makaratasi yafuate. Akasema, "Hapa hakuna katikati. Ama anasikia ama hasikii. Na karatasi iliyopo inasema anasikia, ina saini za walimu wawili. Mimi siwezi kusema wamekosea, kwa sababu hawakukosea. Wewe ndiye unayeweza."

Akanipa karatasi tupu. Niandike nilichofanya, kwa mkono wangu, nisaini. Halafu barua nyingine ya mwalimu mkuu, mtendaji agonge tena, na yeye atagonga wa kwake. Mihuri mitatu mingine.

Nikauliza nafasi zipo? Akafungua daftari. "Za bweni, wasichana, Januari. Vitanda viwili."

"Unaweza kuniwekea kimoja?"

"Nimwekee nani? Mtoto anayesikia?"

Niliandika palepale. Barua ya kwanza niliandika kwamba "kulitokea mawasiliano yasiyo rasmi kati ya mzazi na mtoto". Akaisoma, akairudisha. Ya pili niliandika kwamba mtoto "alisaidiwa kidogo". Akaniuliza, "Kidogo ni maswali mangapi?" Nikasema sita. "Kati ya mangapi?" Sita. Akairudisha.

Ya tatu niliandikia nyumbani, Mama Skola amekaa pembeni yangu na taa. Ilikuwa mistari minne. Mimi baba wa mtoto nilimwashiria majibu yote sita. Makofi hakuyasikia, niliinamisha kichwa ndio akageuka. Nilidhani wanachukua wanaofaulu. Mtoto wangu hasikii.

Ule wa mwisho nilitaka kuandika "hasikii vizuri". Mama Skola akaweka kidole juu ya karatasi mahali nilipotaka kuongeza. Nikaacha. Ndio ilikuwa mara ya kwanza kuiandika, na kwa kweli mara ya kwanza kuisema pia.

Safari ya saba, mwezi wa nane. Afisa alisoma, akagonga muhuri. Daftari lake lilikuwa wazi, nikaona bila kuuliza. Vitanda viwili vimekuwa kimoja.

Upimaji ulipangwa Novemba. Miezi mitatu, kitanda kimoja. Kila nikipita ofisi ile na mzigo wangu wa mchele nilikuwa nataka kuingia kukiangalia. Sikuingia. Ningeongeza hesabu ya safari.

Safari ya nane, Novemba, mimi, Mama Skola na mtoto.

Safari hii aliyepima ni mwalimu mwenyewe wa kitengo. Mama mfupi, mchangamfu, ameshika kengele, kijiko na bati la bisikuti. Aliposoma faili aliniangalia, akatabasamu, akanionyesha mlango.

"Baba utakaa nje. Mama ataingia, ila atatazama ukutani."

Kwa wasiojua, mnunuzi mzoefu wa nafaka hatazami mdomo wa gunia. Anakuja na bambo, kichuma chenye tundu, anachomeka ubavuni, anavuta punje za katikati. Ukiona bambo ujue mapambo yako yameisha. Yule mwalimu na kijiko chake ndiye alikuwa bambo langu.

Nilikaa kwenye benchi, dirisha liko juu ya kichwa changu. Nasikia yote.

Kengele. Kimya.

Kijiko kwenye bati. Kimya.

Makofi. Kimya.

Halafu akaanza kumwita jina. "Skola." Taratibu. "Skola." Akapandisha. "Skola!" Akaita tena. Watoto uwanjani wakageuka. Mtu aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama. Aliita mara saba. Nikahesabu tena kichwani, saba.

Mtaa mzima ulikuwa unamsikia mwanangu anavyoitwa isipokuwa yeye.

Na mimi, wakuu, niseme tu, mkono wangu ulikuwa unanyanyuka pale kwenye benchi. Nikaukalia.

Skola alitoka kabla ya mama yake. Uso umemvimba. Alinitafuta kwa macho, akaniona, akakunja uso akafinya vidole viwili. Tumepungukiwa.

Nilielewa. Mara ya kwanza baba alikuwepo, akajibu vyote, akapata soda. Leo baba kaondolewa, hakujua lini ageuke. Alidhani amefeli kwa sababu yangu. Hapo kwa sehemu alikuwa sahihi.

Nikatelezesha kiganja juu ya kiganja. Mzani umetimia.

Hakuniamini. Akanionyesha tena, tumepungukiwa. Nikarudia, umetimia. Tukabishana hivyo kama mara nne, mpaka Mama Skola akatoka akafanya ishara ileile yeye mwenyewe. Hapo ndio alikubali. Mama yake hajawahi kufanya biashara, kwa hiyo anaaminika.

Safari ya tisa, Disemba, majibu. Afisa hakunizungusha. "Kilikuwa kimebaki kimoja, mzee. Sasa hakuna kilichobaki." Akaandika jina la Skola, nikasimama mpaka alipomaliza herufi ya mwisho.

Safari ya kumi, Januari. Godoro, ndoo, shuka mbili, sanduku. Skola hakulia. Mimi nilikuwa na shughuli ya kuhakiki vitu kwenye orodha, nikahakiki mara mbili, nikachelewa boda.

Funzo, kama mnataka funzo. Ukienda sokoni panga mchele mzuri juu, ni kazi yako. Ukienda kuomba msaada wa mtoto, mwaga gunia lote chini. Watu wa ofisi watakusumbua, watakupa mihuri, lakini hawawezi kukusaidia kwa kile ulichokificha. Na ukiambiwa nafasi ni chache, uliza ni za nani. Mimi swali hilo dogo halikunijia, na nilikuwa nauliza bei za kila kitu.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna safari ya kumi na moja, na ndiyo iliyofanya nifungue uzi huu.

Jumamosi iliyopita nilienda kumtembelea. Nimemkuta amekaa na wenzake wanne, mikono inaenda kasi, wanacheka. Wakuu, yule mtoto mtulivu ni mpiga soga. Anakatiza wenzake. Anabisha. Kuna mmoja alikuwa anamsimulia kitu, Skola akamrekebisha mara mbili, nikajua huyu ni wangu.

Akaja kwangu, akaniuliza kitu kwa mikono. Sikuelewa. Mimi ninazo kumi na tatu tu, na zote ni za mpunga. Akarudia, taratibu. Sikuelewa. Akarudia mara ya tatu, taratibu zaidi, ananitazama usoni kama mimi ninavyomtazama mteja mgeni asiyejua kilo na debe. Wenzake wakaanza kunicheka. Mwalimu wao siku hiyo hakuwepo.

Mwisho akanihurumia. Akatelezesha kiganja juu ya kiganja, umetimia, akarudi kwa wenzake.

Haukutimia. Mimi najua mzani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na sibishani bei.

Kwanza, mwenye kujua mahali mtu mzima anaweza kujifunza lugha ya alama hapa Mpanda au mkoa wowote wa jirani, aniambie. Kama ni video, kama ni kitabu, kama ni mtu wa kunifundisha jioni baada ya mashine kuzimwa, nipo. Mama Skola naye anataka.

Pili, kama humu kuna anayeijua lugha hiyo: aligusa shavu kwa kidole kimoja, akakishusha, akaninyooshea mimi, halafu akafungua viganja vyote viwili kama anafungua daftari, akasubiri.

Aliniuliza nini?

Naenda tena Jumamosi. Nataka nifike na jibu.